GEORGE ELLERY HALE: MTU ALIYEGUNDUA SUMAKU NDANI YA MADOA YA JUA

Msafiri atokaye Mbarara kwa barabara iendayo Masaka hupita Biharwe, mahali palipojengwa mnara wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua. Simulizi za wazee wa Nkore na Bunyoro zaeleza kwamba hapo ndipo jeshi la Omukama Olimi wa Kwanza wa Bunyoro, likiwa limekwisha kuteka ng'ombe wengi, liliposhikwa na giza mchana. Wapiganaji ambao mikuki haikuwatisha walitishwa na jua. Wakarejea kwao, na ng'ombe wakabaki mikononi mwa Ntare wa Kwanza Nyabugaro, mtawala wa Nkore. Wanahistoria hulilinganisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kulikotokea mwezi wa Aprili 1520.

Tangu siku hizo silaha zimebadilika, lakini jua halijaacha kuingilia kazi ya askari. Polisi aliye Ngarama wilayani Isingiro, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mwanajeshi aliye katika kambi ya Makenke mjini Mbarara, hawaogopi tena giza la mchana. Hata hivyo redio ya mawimbi mafupi yaweza kunyamaza ghafla saa sita za mchana, betri ikiwa nzima na antena ikiwa imara. Na chombo kipokeacho ishara za setilaiti chaweza kumwonyesha mahali asipokuwapo. Aghalabu kosa huwa la mtambo au la mtumiaji. Lakini kuna siku ambazo kosa si la fundi wala si hila ya adui, bali latoka umbali wa kilomita milioni 150, katika doa moja jeusi juu ya uso wa jua.

Kwa nini doa moja huleta balaa na jingine, pengine kubwa zaidi, hupita kimya? Mtu aliyeufungua mlango wa jibu la swali hilo ni Mmarekani George Ellery Hale, aliyeishi kati ya mwaka 1868 na 1938. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu askari maisha yake, kwa sababu alichokigundua kinatuhusu sisi tunaobeba redio mabegani kama kinavyowahusu wataalamu wa nyota.

Utoto na elimu

Hale alizaliwa tarehe 29 Juni 1868 katika mji wa Chicago. Baba yake, William Hale, alikuwa mfanyabiashara wa lifti. Moto mkubwa ulipouteketeza mji huo mwaka 1871, majengo mapya yaliinuliwa marefu kuliko ya kwanza, na kila jengo refu lilihitaji lifti. Hivyo maafa ya mji yakawa chanzo cha utajiri wa nyumba ile.

Kijana mwenyewe alikuwa dhaifu wa mwili tangu utotoni, lakini akili yake haikupumzika. Baba hakumzuia wala hakumdekeza. Alimnunulia vyombo vya sayansi kimoja baada ya kingine, kila mara akitaka kuona kazi iliyofanywa kwa chombo cha kwanza kabla ya kutoa fedha za cha pili. Mapenzi yake makubwa yalikuwa juu ya spektra, yaani mwanga uliopasuliwa ukawa rangi mbalimbali kama upinde wa mvua. Ndani ya rangi hizo mna mistari myembamba iwezayo kumwambia mtaalamu jua limefanyika kwa vitu gani, nalo liko mbali asikoweza kufika mtu.

Akasoma katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts na kuhitimu mwaka 1890. Mwaka mmoja kabla ya kuhitimu, akiwa amepanda tramu mjini Chicago, lilimjia wazo la chombo kipya: mtambo wa kulipiga picha jua kwa mwanga wa mstari mmoja tu wa spektra. Chombo hicho kiliitwa spektroheliografu. Mtu alitazamaye jua kwa darubini ya kawaida, iliyowekewa kinga, huona duara jeupe na madoa machache. Kwa chombo cha Hale, mawingu ya gesi iwakayo yaliyo juu ya madoa yalionekana kwa mara ya kwanza kwa utaratibu, siku baada ya siku, bila kungoja jua lipatwe.

Tunda la kwanza lilikuja upesi. Tarehe 15 Julai 1892, katika kituo kidogo alichojengewa na baba yake huko Kenwood, Hale alipiga picha za eneo lenye doa kubwa. Katika muda wa dakika chache mwako mkali ulitokea, ukalifunika doa, kisha ukatoweka. Siku iliyofuata sindano za dira duniani zilitikisika kwa dhoruba ya sumaku.

Jambo la namna hiyo lilikwisha kuonekana mara moja. Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington, mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe, aliuona kwa macho yake mwako mweupe juu ya kundi la madoa. Baada ya saa zipatazo 17 mitambo ya telegrafu ya Ulaya na Marekani ilivurugika, na baadhi ya waya zikapeleka habari hali betri zimekatwa. Ila Carrington alikuwa na tukio moja tu, naye hakutaka kudai zaidi ya alichokiona. Hale alikuwa na picha.

Mjenzi wa vituo

Hapana budi tulitaje hapa jambo lililomtofautisha Hale na wanasayansi wengi. Alijua kuomba fedha, na alijua kuziongoza kazi kubwa hadi mwisho wake. Alimshawishi Charles Yerkes, tajiri wa tramu za Chicago, atoe fedha za darubini yenye lenzi ya upana wa inchi 40. Kituo chake kilifunguliwa huko Wisconsin mwaka 1897, na mpaka leo hakuna darubini ya lenzi iliyotengenezwa kwa kazi ya namna hiyo ikaishinda kwa ukubwa.

Lakini hewa ya Wisconsin haikumridhisha. Mwaka 1904, kwa msaada wa Taasisi ya Carnegie, alianzisha kituo kipya juu ya mlima Wilson, katika jimbo la California, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Njia ya kupanda ilikuwa nyembamba, na mizigo ya kwanza ilipandishwa kwa nyumbu na punda. Askari aliyewahi kupandisha vifaa mlimani bila gari ataelewa kazi ile ilikuwa ya namna gani. Huko zikasimamishwa darubini za kioo za inchi 60 mwaka 1908 na inchi 100 mwaka 1917. Ikajengwa pia minara mirefu ya kulitazama jua, maana hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto mchana na kuitetemesha picha. Ukipanda juu, picha hutulia.

Sumaku ndani ya madoa

Mwaka 1908 ndio uliolitia jina la Hale katika historia. Picha alizopiga kwa mwanga mwekundu wa haidrojeni zilionyesha kuwa gesi iliyozunguka madoa ilikuwa na michirizi iliyojipinda, mithili ya chembe za chuma zilizonyunyizwa karibu na sumaku, au maji yanayozunguka yakishuka tunduni. Hale akajiuliza: je, gesi hii yenye umeme, ikizunguka hivi, haiwezi kuzaa sumaku?

Jibu lilikuwa limetayarishwa na Mholanzi Pieter Zeeman, ambaye mwaka 1896 aligundua kwamba mstari wa spektra hupanuka na kugawanyika pale mwanga unapotoka mahali penye sumaku yenye nguvu. Mwezi wa Juni 1908, kwa kutumia mnara mpya, Hale aliipima mistari iliyotoka katikati ya madoa, akaikuta imegawanyika, na sehemu zake zikiwa na tabia ile ile aliyoieleza Zeeman. Akailinganisha na vipimo vya maabara. Haikubaki shaka kwamba doa la jua ni sumaku. Nguvu yake ilikuwa maelfu ya mara ya nguvu ya sumaku ya dunia igeuzayo sindano ya dira zetu.

Huo ulikuwa ndio mara ya kwanza mwanadamu kuitambua sumaku katika kitu kilicho nje ya dunia hii. Weusi wa doa nao ukaeleweka baadaye: sumaku huizuia gesi yenye joto isipande kutoka chini, na mahali hapo hupoa kuliko jirani zake, hata pakaonekana peusi.

Alfa, beta na gama

Mtu mwingine angalitosheka. Hale na wenzake, Ferdinand Ellerman, Seth Nicholson na Alfred Joy, waliendelea kupima sumaku za madoa kwa miaka mingi, kwa subira ya mlinzi wa zamu ambaye huandika daftari lake hata siku isiyo na tukio. Mwaka 1919 walitangaza matokeo yao.

Kwanza, madoa mengi huenda jozi, moja likitangulia na jingine likifuata kadiri jua lizungukavyo. Kama la kwanza lina ncha ya kaskazini ya sumaku, la pili lina ncha ya kusini. Katika nusu ya pili ya jua mpango huo hupinduliwa. Tena, duru mpya ya madoa ilipoanza karibu mwaka 1913, mpango wote uligeuka, na madoa yaliyotangulia kwa kaskazini sasa yakatangulia kwa kusini. Duru ya madoa huchukua miaka ipatayo 11. Kwa hiyo jua hurudia hali yake ya kwanza ya sumaku baada ya miaka ipatayo 22.

Pili, na hili ndilo kiini cha habari yetu, waliyapanga makundi ya madoa kwa namna sumaku zake zilivyokaa. Kundi lenye ncha ya aina moja tu waliliita alfa. Lenye ncha mbili zilizotengana vizuri, kaskazini upande wake na kusini upande wake, waliliita beta. Na lile ambalo ncha zake zimechanganyika ovyo hata usiweze kuchora mstari mmoja wa kuzitenga, waliliita gama. Baadaye, mwaka 1960, Mjerumani Künzel aliongeza aina ya nne, delta: madoa ya ncha zinazopingana yaliyobanana ndani ya ukingo mmoja wa kijivu, kama mahasimu wawili waliofungiwa katika chumba kimoja.

Mpango huo wa Hale ungali ukitumika hata leo. Kila siku wataalamu wanaotoa utabiri wa hali ya jua hulipa kila eneo lenye madoa nambari yake, kisha huliandikia aina yake ya sumaku. Eneo la namna hiyo huitwa eneo tendaji. Alfa na beta kwa kawaida ni raia watulivu. Delta ndiyo inayochungwa kwa macho mawili, maana sehemu kubwa ya miako mikali hutoka humo.

Sababu yake si ngumu. Nguvu za sumaku za jua zaweza kufananishwa na kamba. Mahali ambapo ncha zinazopingana zimegusana na kusuguana, kamba hizo husokotwa siku hadi siku na kujiwekea nguvu, kama upinde uliovutwa. Hufika wakati zikakatika na kuungana upya kwa namna nyingine, na nguvu yote iliyowekwa kwa siku kadhaa hutoka kwa dakika chache. Huo ndio mwako.

Vita na maradhi

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiikaribia Marekani, Hale aliona kwamba nchi yake ina wanasayansi wengi lakini haina njia ya kuwaweka pamoja kwa ulinzi wa taifa. Mwaka 1916 aliongoza kuundwa kwa Baraza la Taifa la Utafiti, ambalo liliwakusanya wataalamu wa vyuo, viwanda na majeshi katika kazi kama vile kuzigundua nyambizi za adui. Katika miaka hiyo hiyo alisaidia kukigeuza chuo kidogo cha ufundi cha Pasadena kiwe Taasisi ya Teknolojia ya California, ambayo sasa ni mashuhuri duniani kote.

Lakini kazi ilimlemea. Kwa miaka mingi aliteswa na maumivu makali ya kichwa, kukosa usingizi na kuchoka kwa akili, na zaidi ya mara moja ilimbidi aache kazi zote na kupumzika mbali. Mwaka 1923 alijiuzulu uongozi wa Mlima Wilson akiwa na umri wa miaka 55. Twalitaja jambo hili bila haya, maana hata katika majeshi wako watu hodari waliovunjwa na uchovu wa akili, na kuugua si kosa la nidhamu.

Akiwa mgonjwa hakukaa bure. Alijijengea maabara ndogo Pasadena, akaunda chombo kingine kilichomwezesha mtu kuiona miako kwa jicho lake papo hapo badala ya kungoja picha. Vyombo vya namna hiyo vikapelekwa sehemu mbalimbali za dunia, zikiwemo India na Australia, ili jua lichungwe kwa zamu bila kukatika: linapotua kwa mlinzi mmoja, limekwisha kumchomozea mwingine. Hale akakusanya mifano ya miako iliyofuatwa na dhoruba za sumaku baada ya muda wa kama siku moja.

Mwaka 1928 alipata ahadi ya dola milioni sita kutoka mfuko wa Rockefeller kwa ajili ya darubini ya inchi 200. Hakuishi kuiona. Alifariki dunia Pasadena tarehe 21 Februari 1938. Darubini hiyo ilizinduliwa mwaka 1948 juu ya mlima Palomar, ikapewa jina lake.

Majeshi yaliyodhani jua ni adui

Hale alipokuwa angali hai, Mmarekani John Howard Dellinger alieleza, mwaka 1935, kwamba redio za mawimbi mafupi hunyamaza ghafla katika upande wa dunia ulio na mchana wakati mwako unapotokea juani. Lakini ni vita vilivyoyafanya majeshi yalijue jambo hilo kwa uchungu.

Mwishoni mwa Februari 1942 rada za jeshi la Uingereza zilivurugwa kwa kelele nyingi. Wiki chache nyuma Wajerumani walikuwa wamezivuruga rada hizo kwa hila na kupitisha manowari zao, kwa hiyo ilidhaniwa kwamba hila imerudiwa. Mtaalamu James Hey, aliyekuwa akilifanyia jeshi hilo utafiti, aliona kwamba kelele zilifuata mahali jua lilipo, na kwamba siku hizo palikuwa na eneo tendaji kubwa katikati ya jua.

Tarehe 23 Mei 1967 hatari ilikuwa kubwa zaidi. Rada za Marekani za kutoa onyo la makombora, zilizokuwa Alaska, Greenland na Uingereza, zilivurugwa kwa wakati mmoja. Kumvurugia mtu rada za namna hiyo kulihesabiwa kuwa kitendo cha vita, na ndege za mabomu zikawekwa tayari. Wataalamu wa jua waliokuwamo jeshini walipeleka habari kwa makamanda kwamba chanzo ni mwako wa jua. Habari ikafika kwa wakati, na ndege hazikuruka.

Tarehe 4 Agosti 1972, wakati wa vita vya Vietnam, mabomu ya baharini yaliyotegwa na Wamarekani pwani ya kaskazini yalilipuka kwa makumi bila meli yoyote kupita. Mabomu hayo yalikuwa na vifaa vya kuhisi sumaku ya meli. Dhoruba kutoka juani, iliyosafiri kwa saa zisizofika 15 tu, ilikuwa imeitikisa sumaku ya dunia hata vifaa vikadhani meli imefika.

Mwanga wa mzinga na kombora lake

Hapa hatuna budi kulieleza jambo ambalo Hale hakuwahi kulijua. Mwezi wa Desemba 1971 setilaiti iligundua kwamba jua hutupa angani mawingu makubwa ya gesi yenye umeme, yaliyobeba sumaku yake, kutoka katika tabaka lake la nje liitwalo taji. Wingu moja laweza kuwa na uzito wa tani bilioni moja au zaidi.

Mwako na wingu ni vitu viwili. Askari wa mizinga atatuelewa upesi: mwako ni kama mwanga wa mdomo wa mzinga, na wingu ni kama kombora. Mwanga wa mwako hutufikia kwa dakika nane. Mionzi yake huishindilia chaji ya umeme sehemu ya chini ya ayonosfia, yaani tabaka la anga linaloyarudisha mawimbi mafupi ardhini, na tabaka hilo huyameza mawimbi badala ya kuyarudisha. Wingu huchukua kati ya nusu siku na siku tatu au zaidi, nalo likitupiga ndilo liletalo dhoruba ya sumaku.

Na kama vile mzinga uwezavyo kutoa mwanga na mshindo bila kombora, liko eneo tendaji linalowaka bila kutupa kitu. Mwezi wa Oktoba 2014 eneo lililopewa nambari 12192 lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyoonekana tangu mwaka 1990, likikaribia ukubwa wa sayari ya Mshtarii. Lilitoa miako sita ya daraja la X, ambalo ndilo daraja la juu kabisa. Dunia ilingoja dhoruba kubwa. Haikuja, maana hakuna hata mmoja wa miako hiyo sita uliotupa wingu. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba juu ya eneo lile palikuwa na matao mengine ya sumaku yenye nguvu, yaliyolikandamiza kama kifuniko kizito juu ya chungu kinachochemka.

Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Mwezi wa Septemba 2017 doa moja tulivu, la aina ya alfa, nambari 12673, lilipandiwa na sumaku mpya kutoka chini, likageuka kuwa delta kwa muda wa siku chache. Halikufikia hata nusu ya ukubwa wa lile la 2014. Hata hivyo tarehe 6 Septemba lilitoa mwako wa X9.3, mkali kuliko wote wa duru ile, pamoja na wingu. Siku hizo tufani Irma ilikuwa ikivipiga visiwa vya Karibi, na waokoaji waliotegemea redio za mawimbi mafupi walijikuta wamekatiwa mawasiliano katika saa waliyoyahitaji mno.

Mwezi wa Mei 2024 eneo 13664 liliunganisha yote mawili: kubwa, na la delta. Lilitupa mawingu kadhaa yaliyofuatana na kuunganika njiani. Tarehe 10 na 11 Mei dunia ikapata dhoruba ya daraja la G5, la juu kabisa, ambalo halikuwa limefikiwa tangu mwaka 2003. Mianga ya rangi ilionekana hadi Mexico, na matrekta ya Marekani yanayoongozwa kwa setilaiti yalisimama mashambani wakati wa kupanda.

Mafunzo kwa askari

Kutokana na maisha ya Hale na yaliyofuata, tunaweza kuweka kanuni tatu za kulipima eneo tendaji. Usilipime kwa ukubwa tu. Lipime kwanza kwa namna sumaku zake zilivyochanganyika. Angalia kama limetulia au linapata sumaku mpya kutoka chini, maana linalokua haraka ndilo la kuogopwa. Kisha uliza kama juu yake pana kifuniko, kwa kuwa kifuniko ndicho kinachoamua kama mwako utabaki mwako au utatuma wingu. Hata kwa kanuni hizo utabiri haujawa kamili: wataalamu husema uwezekano, hawasemi hakika.

Kwetu sisi wa ikweta mambo mawili yanahusika zaidi. Saa za adhuhuri jua linapokuwa utosini, mwako huzidhuru redio zetu za mawimbi mafupi kuliko za wale walio mbali na ikweta. Na baada ya jua kutua, ayonosfia iliyo juu ya maeneo yetu huweza kupata mapovu yanayotikisa ishara za setilaiti, ambayo dhoruba za jua huyazidisha au huyapunguza. Mbarara yenyewe ina kituo cha kimataifa kipokeacho ishara hizo bila kukoma, kiitwacho MBAR, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina wataalamu wanaochunguza mambo haya.

Basi askari wa mawasiliano, awe Ngarama au Makenke, mtambo wake ukinyamaza mchana, akague betri, antena na masafa kama alivyofundishwa. Akivikuta vizima, na wenzake wa vituo vingine vya mbali nao wakiwa kimya wakati huo huo, aandike saa katika daftari, ajaribu masafa ya juu zaidi, maana ya chini ndiyo humezwa kwanza, na atumie njia ya pili ya kupeleka habari iliyopangwa tangu mapema. Kimya cha mwako hukaa dakika kadhaa, au saa moja au mbili, kisha hupita; nao hautokei usiku. Kimya kinachodumu zaidi ya hapo, au kinachoshika kituo kimoja tu, kina sababu nyingine, na ni wajibu kuitafuta.

Makamanda wa mwaka 1967 waliepuka vita kwa sababu palikuwapo mtu aliyejua kutofautisha hila ya adui na tabia ya jua, na mtu huyo alikuwa na daftari la madoa mezani kwake. Aliyelianzisha daftari la namna hiyo alikuwa Hale, mtu mgonjwa aliyekaa miaka mingi akihesabu ncha za sumaku katika madoa ambayo wengine waliyaona kuwa ni weusi tu.